Kiti cha Waziri na Arusi ya Mwende

Mbaraki, Mombasa
9 Mei 2025

Mwende, shoga yangu,

Salamu nyingi. Natumai mama hajambo na bado anakunyang'anya jembe akidhani umesahau kulima kwa sababu ya kukaa pwani.

Ulipohamia huko Wote ulisema utaniandikia barua, kwa kuwa kuzungumza nami kwa simu ni sawa na kuzungumza na mtu aliyesimama gatini: nusu ya maneno yanakwenda kwa watu wengine. Nilikasirika wakati ule. Leo nashukuru, maana hili ninalokwambia nimelikalia siku kadhaa peke yangu, hata hapa kazini hawalijui.

Nimepigiwa simu kutoka kaunti. Wanataka jina langu lipelekwe kwenye bunge la kaunti niwe waziri wa biashara. Nilimwuliza yule bwana aliyepiga kama hakukosea nambari. Akasema, "Bi Sidi Gunga wa Kapu la Bahari, yule anayepeleka vyakula melini?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi sijakosea. Umegombana na nusu ya bandari hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Njoo sasa ugombane ukiwa upande wetu."

Nilikata simu nikaenda kukaa boharini, juu ya magunia ya vitunguu. Nilitukumbuka sisi wawili mbele ya lango la Kilindini na mkokoteni wa mabamia, mimi karani niliyeacha kazi, wewe mwalimu uliyeachishwa, na yule mlinzi akituambia wanawake hawapandi ngazi ya meli. Ukamwambia, "Sawa, kaka. Basi chukua hili kapu umpelekee mpishi wewe." Akaliinua kidogo, akalirudisha chini, akatupisha. Nilipanda ngazi ile nimejifunga leso juu ya suruali, nikakuta wapishi wote wametoka kutazama.

Sasa shida. Waziri haruhusiwi kuendesha kampuni. Kamati itanihoji Jumamosi, tarehe 14 Juni (wiki nzima bunge litakuwa kwenye bajeti), na swali la kwanza litakuwa Kapu la Bahari namwachia nani. Jared, yule mwenye ghala la jirani, ameshanusa habari. Alikuja jana na suti, akakaa bila kukaribishwa, akasema yuko tayari kununua kila kitu. Nikamwuliza, "Na kina mama wanaofungasha?" Akasema, "Nina mashine, Bi Sidi."

Kwa hiyo nakuomba urudi. Tulilianza wawili, mimi nikitoka wewe ndiye mwenyewe. Chumba chako hapa kwangu sijakigusa, ila nimeanika pilipili humo.

Wako,
Sidi

---

Wote, Makueni
16 Mei 2025

Sidi mpenzi,

Barua yako niliisomea jikoni, nikapiga kelele mama akaja na mwiko akidhani ni nyoka. Nilipomwambia, alitoka nje akapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika na majirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Akawaambia, "Sidi amekuwa waziri." Hawakujua Sidi ni nani, lakini walikunywa chai.

Nimefurahi, shoga. Sikwambii vile mtu anavyomwambia mwenzake kwa adabu. Kumbuka siku walipokuchagua mwenyekiti wa chama cha wapeleka vyakula melini, mwanamke wa kwanza katika kile chumba cha masharubu. Yule mzee wa karibu na dirisha alisema, "Haya, leo tutapewa chai." Ukampa chai, kisha ukampa na barua ya kulipa ada ya uanachama aliyoisahau tangu zamani. Kaunti hiyo haijui inachojiletea.

Kuhusu kurudi, nipe muda kidogo. Kuna mambo hapa yamenishika. Na hiyo tarehe 14 Juni, nitakuwa nawe kwa moyo.

Msalimie Mbodze, msimamizi wetu, na kina mama wenzake wote wa bohari.

Mwende

---

Mbaraki
22 Mei 2025

Mwende,

Nimepata barua yako. Ahsante kwa vigelegele vya mama.

Nimeisoma ile sehemu ya mwisho na sikuielewa. Kwa moyo? Sikukuomba moyo. Nilikuomba wewe, na mwili wako, na miwani yako, ukae kwenye kile kiti nyuma yangu siku ya kuhojiwa kama ulivyokaa miaka yote. "Mambo yamenishika." Mambo gani hayo yasiyo na jina? Mama umesema mwenyewe ana nguvu za kupiga vigelegele.

Nimekaa nikawaza, na nitakwambia nilichowaza kwa sababu hatujawahi kufichana. Manahodha walikuwa wakikudhania karani wangu. Magazeti yalinipiga picha mimi, na wewe ulikatwa bega. Siku ile ya uenyekiti ulikaa nyuma kabisa, na nilipokutafuta kwa macho ulikuwa unatazama chini. Sikuuliza. Pengine nilipaswa kuuliza. Kama umechoka kuwa nyuma ya jina langu, na kama hiki cheo kimekuuma, niambie kwa maneno yako. Nitaumia, lakini nitajua.

Jared amekuja tena. Safari hii ameleta tende.

Sidi

---

Wote
27 Mei 2025

Sidi,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikacheka, na sasa nakujibu kwa mpangilio, kama ulivyonifunza kumjibu mteja mkali.

Kwanza, siku ya uenyekiti. Nilikuwa natazama chini kwa sababu viatu vilinibana nikavivua, na kimoja kiliteleza chini ya kiti cha mtu wa mbele. Wewe unahutubia, mimi nakivuta kwa kidole cha mguu. Hiyo ndiyo hasira yangu yote ya siku ile.

Pili, kuwa nyuma ya jina lako. Shoga, mimi napenda nyuma. Nyuma ndiko kunakoonekana watu wote. Ungenilazimisha kusimama mbele ya wale manahodha ningetoroka zamani.

Tatu, mambo yasiyo na jina. Yana jina. Yanaitwa Mumo.

Alikuja kutengeneza tangi la maji la mama. Alikuwa mwalimu wa muziki kule Kibwezi, sasa anafuga nyuki, mkewe alifariki kitambo kama mume wangu. Tangi lilipona kwa siku moja lakini yeye aliendelea kuja kulikagua. Mama ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, hilo tangi halina kosa. Sema unachotaka ule ugali wako kwa amani." Akasema. Nami nikakubali, Sidi, katika umri huu, nikiwa nimevaa kandambili.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Unakumbuka ulivyomcheka yule mama wa Majengo aliyeolewa na wajukuu wake ndio waliobeba maua? Ulisema anatafuta mtu wa kumkanda miguu. Nami nilicheka nawe, tena sana. Nikaona haya. Nikasema nitakuandikia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa wiki nyingine. Ndipo ikaja barua yako na tarehe yako. Arusi yetu ni Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mwana mkubwa wa Mumo anafanya kazi Muscat na anaondoka siku ya pili yake, hatuwezi kuisogeza. Nilijua nikikwambia, ama utakiacha kiti kwa ajili yangu, ama hutakiacha, na sikutaka kujua ni lipi.

Nne, kampuni. Sirudi. Nitabaki na hisa zangu na nitakuja kula samaki, lakini sirudi kuendesha. Na hunihitaji. Unaye Mbodze. Najua utasema anapiga kelele. Mbodze anapiga kelele kwa sababu unamwuliza jambo alilokwisha kulimaliza. Mwaka jana ulipokwenda Dubai kwa maonyesho ukakaa mwezi mzima, ni meli ngapi zilitia nanga, na wewe ulipigiwa simu mara ngapi? Ulidhani bandari imelala?

Usinijibu upesi. Jibu vizuri.

Mwende wako, ambaye hajakuonea wivu hata siku moja, isipokuwa zile nywele zako

---

Mbaraki
3 Juni 2025

Mwendani wangu,

Nisamehe ile barua. Ichome, au mpe Mumo aitumie kufukizia nyuki wake, iwe na faida.

Nimejibu kwa kuchelewa kama ulivyoagiza, nikafanya mambo matatu kwanza.

La kwanza, nilikwenda Mji wa Kale kwa Bi Mwanakuu. Bado yuko Ndia Kuu, juu ya kile chumba alichotupangisha tulipoanza, na bado analalamika kwamba tulimwachia harufu ya vitunguu swaumu ukutani. Nilimweleza kila kitu. Alinimiminia kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Huyo bwana ni mtu mzuri?"

Nikasema, "Sijamwona."

"Sasa wewe wakaa hapa kwangu wafanya nini? Enda kamwone."

"Bi Mwanakuu, siku hiyo ndiyo nahojiwa. Nisipokwenda watampa mtu mwingine."

Akasema, "Huenda wakampa. Mimi sijui mambo ya kaunti. Lakini Mwende namjua. Weye ulipougua homa ya matumbo humu ndani, nani alikuosha?" Kisha akaanza kuniuliza utavaa nguo gani, kana kwamba tumeshamaliza.

La pili, nilizungumza na Mbodze. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, akadhani namfukuza. Nikamwambia nataka aendeshe Kapu la Bahari, na hisa zangu ziwe zake na kina mama wa bohari, wazilipe pole pole kutokana na faida. Akavuta kiti, akaketi. Halafu akasema, "Nina masharti."

"Sema."

"Hutakuja hapa kila asubuhi kukagua."

"Sitakuja."

"Hutapiga simu kuuliza meli gani imeingia."

Nikajikaza. "Sitapiga."

"Na lile dirisha la ofisi yako nitalifungua. Miaka yote hii tunapikika humu kwa sababu wewe hupendi upepo."

Nikakubali na dirisha. Alipotoka nilimsikia akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, halafu vigelegele, halafu kitu kikaanguka. Nadhani ni mayai.

La tatu, niliiandikia kamati kuomba nihojiwe Jumatatu tarehe 16 badala ya Jumamosi. Karani akanipigia. "Bi Sidi, sababu uliyoandika hapa ni arusi. Niandike msiba?" Nikamwambia, "Andika arusi. Hakuna aliyekufa." Habari ikavuja kwenye redio. Wamenicheka tangu juzi. Mmoja amepiga simu akasema waziri anayependa pilau kuliko kazi atatumaliza. Jared naye amewaambia watu kwamba huyu Bi Sidi bado ana mambo ya kike. Kamati haijajibu. Huenda wakakataa, wakachukua jina lingine.

Nimekaa nikijaribu kujuta na sioni pa kuanzia. Nakuja. Niambie sare ni rangi gani, na uniambie kama Mumo anakula pweza, maana sitaki kuja mikono mitupu.

Kuhusu yule mama wa Majengo, nilikutana naye sokoni Marikiti wiki hii. Ananawiri. Nilimbebea kikapu chake hadi barabarani.

Sidi wako

---

Mbaraki
18 Juni 2025

Bi Arusi,

Mmekwisha kuamka, wewe na mwalimu wako wa nyuki? Nakuandikia hivyo hivyo, utasoma utakapopata nafasi.

Kwanza nirudishe shukrani. Viatu vyangu vimekauka, lakini udongo wa kwenu umekataa kutoka, na nimeamua kuuacha. Mwambie mama kwamba ule mguu wa mbuzi aliolazimisha kwenye buti la gari ulifika Mombasa salama na bohari nzima imekula. Mwambie Mumo kwamba mtu anayemwimbia mkewe sauti ya nne, ile nzito ya chini, mbele ya askofu bila kutazama karatasi hana haja ya kujitambulisha kwangu tena. Nilikuwa nimejiandaa kumhoji. Nilisahau maswali yote. Sikuwa nimewahi kukuona umesimama mbele ya watu na hutafuti mlango.

Sasa sikiliza ya kwangu. Karani alinipigia nikiwa Mtito Andei njiani kurudi: kamati imekubali Jumatatu, kwa wingi wa mtu mmoja.

Niliingia asubuhi na lile gauni la kijani. Mbodze alikuja na kina mama wote, wakajaza safu mbili, na Bi Mwanakuu akabebwa na gari la mjukuu wake kutoka Mji wa Kale, akaketi mbele kabisa kama mwenye jumba. Mwenyekiti wa kamati akaanza kwa upole. Elimu, kodi, mambo yale. Nikajibu. Halafu mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzito akavuta kipaza sauti.

"Bi Sidi, Jumamosi kamati hii ilikuwa tayari kukaa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Wote, mheshimiwa. Kwenye arusi ya rafiki yangu."

Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Unataka tumkabidhi biashara ya kaunti nzima mtu anayeahirisha wajibu kwa ajili ya sherehe?"

Nilikuwa nimeandika jibu kwenye karatasi, jibu zuri lenye vifungu. Sikulisoma. Nilimwambia, "Mheshimiwa, kazi yangu yote mnayoisoma hapo, tuliifanya wawili. Nilipopanda meli, yeye alibaki chini akishika mkokoteni usiibiwe. Nilipotukanwa, yeye ndiye aliyenisikia nikilia. Nilikuja hapa kuwaomba mniaminie mambo ya watu nisiowajua. Ningewezaje kuwaomba hivyo, na huyu ninayemjua nimeikosa siku yake moja? Nilijua mnaweza kunikataa. Nilikwenda nikijua."

Akatazama makaratasi yake. Akauliza, kwa sauti ndogo kidogo, "Na ilikuwa nzuri, arusi?"

"Nzuri sana, mheshimiwa. Nimecheza mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika."

Hata yeye akacheka. Kisha mwenyekiti akauliza lile swali letu, kampuni nimemwachia nani, nikamwonyesha Mbodze alipoketi. Akaambiwa asimame. Akasimama. "Utamsikiliza waziri akikupigia simu?" Mbodze akasema, "Amekatazwa kupiga." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Bi Mwanakuu akagonga fimbo sakafuni.

Wamenipitisha jana, bunge zima. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye ngazi, nikageuka kukutafuta nyuma, halafu nikakumbuka uko nyumbani kwako. Sikuhuzunika. Nilikununulia mahamri, nikayala mwenyewe.

Jared amenitumia kadi ya pongezi. Amelikosea jina langu.

Sidi, waziri (mara ya kwanza kuandika hivyo)

---

Kapu la Bahari
Mbaraki, Mombasa
11 Julai 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara,

KUH: CHAKULA CHA MKUTANO WA WAFANYABIASHARA

Tumepokea barua kutoka ofisi yako ikitutaka tulete chakula cha mchana kwa wageni wa mkutano wako wa wiki ijayo. Tunashukuru kwa kutukumbuka.

Tunasikitika kwamba hatutaleta. Wewe ulikuwa mwenye kampuni hii hadi mwezi uliopita. Watu watasema waziri anajilisha mwenyewe, na sisi tutaharibiwa jina kabla hatujalijenga. Tangaza zabuni kama watu wengine, na hata hapo hatutaomba mpaka upite muda wa kutosha.

Tena tuna meli mbili kutoka Chennai siku hiyo na hatuna nafasi.

Pia naarifu kwamba dirisha limefunguliwa na hakuna aliyepata mafua.

Wako mtiifu,
Mbodze Karisa
Meneja Mkuu

---

Mombasa
19 Julai 2025

Mwende wangu,

Nakuambatishia barua ya Mbodze. Isome kwanza ndipo uendelee.

Umemaliza? Katibu wangu ndiye aliyeituma ile ya kuomba chakula bila kuniuliza, akidhani ananifurahisha. Jibu lilipofika aliniletea kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kinyesi cha paka. Akasema, "Mheshimiwa, hawa wamekukosea adabu. Niandike jibu kali?" Nilikuwa nimeinamia meza. Maskini alidhani nalia, akakimbilia maji. Nilikuwa nacheka, Mwende, kicheko cha kuuma mbavu, cha zile siku zetu za Ndia Kuu. Nilipopata sauti nikamwambia, "Usijibu. Tangaza zabuni leo, weka nakala kwenye jalada, na kila mtu wa ofisi hii aisome."

Mkutano ulikuwa jana, katika ukumbi mmoja upande wa Ngome ya Yesu. Wamekuja wauza viungo wa Mji wa Kale, wenye malori wa Kilindini, kina mama wa samaki, mafundi dhahabu, watu ambao hawajawahi kuketi meza moja na serikali isipokuwa wakidaiwa. Walinisema. Walinisema saa nzima, nikaandika. Mama mmoja wa samaki alisimama akasema anataka kupeleka kamba wake melini na hajui aanzie wapi, kwenye mlango wa bandari anafukuzwa. Nilimwambia wiki ijayo tutakwenda mlangoni hapo mimi na yeye. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe?" Nikamwambia mimi mwenyewe, na avae suruali ndani ya leso, zile ngazi zina upepo.

Kisha kikaja chakula. Zabuni ilikwenda kwa watu wengine, kwa haki, karatasi zote safi. Shoga, wali ulikuwa baridi, kuku mkavu kama ubao, na kachumbari hiyo sijui ilikatwa lini. Wageni walinitazama mimi, mwanamke aliyelisha meli za dunia nzima, waone nitafanya nini.

Nilikula. Nikaomba niongezewe. Sijapata kufurahia chakula kama kile.

Sidi